Umenunua au Umekodi?

Jamani, ukinunua kitabu dukani, mwenye duka hawezi kuja kwako usiku, akakitoa kabatini na kukuachia pesa mezani. Huo ni wizi, hata kama karudisha senti zote.

Amazon ilifanya vivyo hivyo Julai 2009. Ilifuta Animal Farm na 1984, vya George Orwell, ndani ya Kindle za wateja waliokwisha kuvilipia, eti aliyeviweka sokoni hakuwa na haki ya kuviuza. Pesa zilirudishwa, Jeff Bezos akaomba radhi. Lakini ugomvi ule ulikuwa wao kwa wao. Msomaji anaingiaje?

Kitufe kinasema "nunua", lakini yale masharti marefu tusiyoyasoma yanasema umepewa ruhusa ya kutumia tu. Februari 2025 Amazon iliondoa hata njia ya kupakua kitabu kwenye kompyuta na kukihamishia Kindle kwa waya.

California imeamka. Tangu Januari 2025, sheria yao inamkataza anayeuza leseni ya kidijitali kuandika "nunua" bila kumweleza mteja wazi.

Na sisi Wakenya je? Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji kuhusu bidhaa. Basi Bunge lifuate mfano huo. Kama ni kukodi, kitufe kiandikwe "kodi", na bei ishuke.

Shamba la Wanyama ya karatasi huenda ikaliwa na mchwa, lakini hakuna kampuni itakayoifuta ukiwa umelala.