Kuvisha Viti vya Gari kwa Mvuke

Askari aliyedunduliza mshahara hata akapata gari lililokwisha kutumika Japani, aghalabu linalomkera kwanza si injini bali viti. Kitambaa kimechanika, sponji inachungulia, na watoto hushuka garini wakiwa na vumbi la manjano kwenye nguo zao za Jumapili. Basi hununuliwa kava mpya za ngozi bandia, ile ambayo mafundi wengi huiita reksini, au za ngozi halisi kwa aliyejaliwa. Kazi ya kuzivisha hufanywa nyumbani ili kuokoa ujira wa fundi. Hapo ndipo kifaa cha mvuke kinapotafutwa, na hapo ndipo akiba ya miezi kadhaa inapoweza kuharibika kwa dakika moja.

Mathalani sajini wa Kimaka, kule Jinja, aliyepata uhamisho wa kwenda Mbale na ambaye hana budi kusafiri na jamaa yake mwisho wa juma. Kava anazo, lakini zimekakamaa kwa kukunjwa mfukoni, na ile ya kiti cha dereva inagoma kupita mabegani mwa kiti. Mkewe ana mashine ya mvuke ya kunyooshea nguo, yenye tangi la maji na mpira mrefu.

"Baba watoto, usiivute hivyo, mshono utaachia," asema mama. "Ilegeze kwanza."

Mama ana haki. Lakini kabla ya kutia umeme, ni lazima ijulikane ni kitu gani kinacholegezwa. Kava igeuzwe ndani nje. Ikiwa mgongo wake ni kitambaa kilichofumwa, hiyo ni ngozi bandia: plastiki iliyopakwa juu ya kitambaa na kulainishwa kwa mafuta maalumu. Ikiwa mgongo una nyuzinyuzi kama manyoya mafupi, hiyo ni ngozi ya mnyama. Zipo pia kava zenye ngozi halisi sehemu ya kukalia tu na plastiki ubavuni. Wauzaji hawakumbuki kulisema jambo hili.

Ngozi bandia hupenda joto. Huanza kulegea kabla joto halijafikia lile la maji yanayochemka, na ikivutwa ingali na joto kisha ikashikwa hivyo hata ipoe, hubaki katika umbo jipya. Ndiyo siri yote ya kazi hii. Kosa la wengi ni kuvuta na kuachia papo hapo, halafu kuulaumu mvuke. Kosa la pili ni kuusogeza mdomo wa mashine hadi ukagusa plastiki: vinyweleo vya mapambo hufutika, pakabaki doa linalong'aa ambalo halitoki tena. Umbali wa shubiri moja watosha, mkono ukitembea bila kusimama.

Ngozi halisi ni habari nyingine kabisa. Watu wa Jinja, ambako ngozi za ng'ombe zimesindikwa kiwandani kwa miaka mingi, hawahitaji kuambiwa kwamba ngozi zote si sawa. Iliyosindikwa kwa magome ya miti hujikunja na kusinyaa ikipatwa na joto la majimaji la kati ya digrii 70 na 85. Iliyosindikwa kwa chumvi za madini ya kromu huweza kuvumilia hata kuchemshwa kwa muda mfupi. Ngozi ikishasinyaa hairudi. Huwa ngumu kama ukoko wa wali, na hakuna mafuta yatakayoifufua. Kwa hiyo kikatwe kipande chembamba katika pindo la ndani, mahali pasipoonekana, kichovywe katika maji yanayochemka kwa dakika moja. Jinja ipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,100 na zaidi, hivyo maji yake huchemka kwenye digrii 96 hivi, si 100. Hata hivyo jaribio ni la kutosha. Kipande kikijikunja, mashine ya mvuke na irudishwe kabatini. Ngozi ya namna hiyo hulegezwa kwa jua la asubuhi na kwa subira. Na hata kile kipande kikibaki kama kilivyokuwa, mvuke upelekwe upande wa nyuma, kidogo kidogo, maana rangi iliyopakwa usoni haina uvumilivu wa ngozi yenyewe.

Sasa kiti chenyewe. Sponji ya zamani iliyobonyea ipigwe mvuke kabla ya kuvishwa. Huvimba na kurudia umbo lake kwa kiasi cha kushangaza. Kisha ifunikwe kwa nailoni nyembamba ili kava iteleze badala ya kukwama. Mshono wa katikati ndio unaowekwa sawa kwanza, na si wa pembeni, kisha waya wa ndani ufungwe kwa zile pete ndogo za waya zinazobanwa kwa koleo. Upande wa kulia ukivutwa kidogo, wa kushoto nao uvutwe kidogo. Mikunjo inayosalia ndiyo inayopigwa mvuke na kusukumwa kwa kiganja kuelekea pembeni, mkono ukiwa ndani ya glavu nene.

Kwa asiye na mashine, jua lipo. Jinja haifiki hata nusu ya digrii kutoka mstari wa Ikweta, na kava nyeusi iliyotandazwa juu ya paa la gari saa sita mchana hulainika vizuri bila senti moja ya umeme. Lakini mtu asithubutu kuunga mpira kwenye birika lililozibwa au kwenye sufuria ya shinikizo ili kujitengenezea mashine. Hilo ni bomu, na halina pini ya usalama.

Hata mvuke wa kawaida huunguza kupita maji yanayochemka. Unapogusa ngozi ya mtu hugeuka kuwa maji, na katika kugeuka huko hutoa joto zaidi ya mara tano ya lile linalohitajika kuyapandisha maji yaleyale kutoka baridi ya barafu hadi kuchemka. Watoto wakae mbali na ule mpira. Atakayeungua awekwe chini ya maji baridi ya bomba kwa dakika 20, na pete au bangili ivuliwe mapema kabla kidole hakijavimba. Dawa ya meno, samli na ute wa yai vibaki jikoni. Jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi, na likiwa kubwa au likiwa usoni, mgonjwa apelekwe hospitali.

Jambo la mwisho huwaponyoka hata mafundi wa kando ya barabara. Magari mengi ya Japani yana mfuko wa hewa wa usalama uliofichwa ubavuni mwa kiti cha mbele, na pembeni pana kibandiko chenye herufi SRS. Mfuko huo hufumuka kwa kupasua mshono uliowekwa makusudi kuwa dhaifu. Kava iliyoshonwa bila nafasi yake huufunga kama gunia, na siku ya ajali hauwezi kutoka inavyopasa. Kiti chenye kibandiko hicho kivishwe kava iliyoachiwa upenyo ubavuni, na mvuke usipelekwe huko wala kwenye nyaya zilizo chini ya kiti. Kama hapana budi kukifungua, apewe fundi anayeujua mfumo huo, naye hutenganisha betri kwanza na kungoja.

Kava ya sajini, baada ya yote hayo, huenda ikakataa bado. Mvuke hulegeza, hauongezi inchi. Kava ya gari jingine itabaki kuwa ya gari jingine, na fundi mwaminifu atamwambia, "Afande, hii haikukatwa kwa kiti hiki," kisha atafumua mshono mmoja na kutia kipande.

Ikikubali, kazi na iishe Alhamisi. Sponji iliyokunywa mvuke huhitaji siku nzima milango ikiwa wazi, hasa majira ya mvua, la sivyo abiria wote watanusa ukungu kutoka Jinja hadi Mbale.