TAJI LA WIZI HALINA BARAKA

  

Maandiko ya kutafakari leo: 2 Timotheo 2:5, Mithali 11:1 na Kumbukumbu la Torati 23:18. Fungua Biblia yako usome mwenyewe kabla hujaendelea.

Kila Julai vijana wetu wengi hapa Mulot wanafuata mbio za baiskeli za Tour de France kwenye simu. Sina ugomvi na hilo. Hatua 21 katika wiki tatu, karibu kilomita 3,400, milima ambayo hata lori la majani chai lingelalamika kuipanda. Wengine walianza kufuatilia kwa sababu ya Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985, akalelewa katika baiskeli na David Kinjah kule Kikuyu, halafu akashinda mbio hizo mara nne. Wengine wamejiunga mwaka 2024, Biniam Girmay wa Eritrea alipokuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kushinda hatua, na akarudi nyumbani na jezi ya kijani. Tulifurahi, na ni haki yetu kufurahi.

Ugomvi wangu ni na maneno yanayofuata mbio hizo. Nimeyasikia baada ya ibada, kutoka kwa watu waliotoka kushiriki meza ya Bwana: "Pastor, hawa wote wanatumia dawa. Anayeshikwa ni yule mjinga." Halafu mazungumzo yanahama kutoka Ufaransa yanakuja kwa wakimbiaji wetu wa hapa, na kicheko ni kile kile. Leo najibu maneno hayo moja baada ya jingine, kwa sababu yameanza kuonekana kama hekima, na ni sumu.

*1. "WOTE WANATUMIA."*

Huu ndio uongo anaoupenda zaidi mwizi, kwa sababu unamfanya awe mtu wa kawaida.

Mwaka 1998 gari la timu ya Festina lilisimamishwa karibu na mpaka wa Ubelgiji na Ufaransa, likakutwa limejaa dawa. Timu nzima ikafukuzwa katika Tour. Lakini ndani ya timu hiyo hiyo kulikuwa na kijana Mfaransa, Christophe Bassons, na wenzake wenyewe walikubali kwamba yeye alikataa. Mwaka uliofuata alikuwa kwenye timu nyingine, akaandika gazetini kwamba mambo bado hayajasafishwa. Lance Armstrong akamsogelea katikati ya mbio, akamwambia aende nyumbani. Kundi zima likamtenga. Hakuna aliyemsemesha. Bassons akaacha mashindano kabla ya kufika Paris, bila jezi na bila kombe.

Armstrong akashinda mwaka huo, 1999, na akaendelea kushinda hadi 2005. Mara saba! Leo fungua orodha ya washindi utafute miaka hiyo saba. Hakuna jina. Mwaka 2012 alivuliwa mataji yote, na hakupewa mtu mwingine. Januari 2013 akakiri mbele ya dunia kwenye televisheni. Sasa niambie, mpendwa, kati ya wale wawili ni nani aliyerudi nyumbani mikono mitupu?

Eliya pia alidhani amebaki peke yake. Mungu akamjulisha kwamba kuna elfu saba ambao magoti yao hayajamwinamia Baali. Unaposema "wote wanatumia", unawafuta wale elfu saba. Unamfuta yule binti anayeamka saa kumi na moja asubuhi kukimbia kwenye baridi kabla ya kwenda shule, ambaye hajawahi kuguswa na sindano isipokuwa ya chanjo. Humjui, lakini umemhukumu.

*2. "NI DAWA TU, SI DHAMBI."*

Tuelezane, kwa sababu wengine hawajui inavyofanya kazi. Figo zako zinatengeneza homoni inayoitwa EPO. Inauambia mwili uongeze seli nyekundu za damu, zile zinazobeba oksijeni. Mtu anayeishi juu milimani kama sisi, mwili wake unajiongezea wenyewe kwa sababu hewa ni nyepesi. Hiyo ni zawadi ambayo Mungu aliiweka kwenye milima hii bila kututoza shilingi. Mdanganyifu anakwenda kuchomwa EPO ya kiwandani ili damu iongezeke zaidi ya kipimo. Damu inakuwa nzito, na moyo unalazimika kuisukuma kama mtu anayesukuma uji kwenye mrija.

Mwaka 1967 Mwingereza Tom Simpson alianguka akipanda mlima Mont Ventoux katika Tour, akafa. Mwilini mwake kulikutwa amfetamini na pombe. Alikuwa na miaka 29. Walawi 17 inatufundisha kwamba uhai wa mwili umo katika damu. Wewe unayemuuzia kijana kichupa nyuma ya duka la dawa, usiseme unamsaidia kutafuta riziki. Unachezea uhai wake.

*3. "WAZUNGU WANATUONEA WIVU."*

Hapa ndipo Amina huwa nyingi, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Armstrong alikuwa Mmarekani. Waliomwangusha ni shirika la Marekani lenyewe. Watu 26 walitoa ushahidi, 11 kati yao waliwahi kupanda naye baiskeli katika timu moja. Kwa miaka mingi alijitetea kwa vipimo. Kilichomaliza uongo wake ni watu waliochoka kunyamaza. Kabla yao kulikuwa na mwanamke wa Ireland, Emma O'Reilly, aliyekuwa akiwakanda misuli wachezaji wa timu hiyo. Alisema ukweli mapema, akatukanwa na kupelekwa mahakamani. Miaka ikapita, ukweli ukamtetea.

Na haki inakata pande zote mbili. Mwaka 2017 kipimo cha Froome kilionyesha dawa ya pumu kupita kiwango. Uchunguzi ukafanywa, na Julai 2018 kesi ikafungwa, akaonekana hana hatia. Basi tusimwite mwizi. Mkristo hahukumu kwa uvumi, awe anahukumiwa Mzungu au jirani yake.

Lakini majina yaliyothibitishwa tusiyafunike kwa bendera. Rita Jeptoo, bingwa wa Boston na Chicago, alipatikana na EPO mwaka 2014. Jemima Sumgong, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushinda dhahabu ya marathoni ya Olimpiki, Rio 2016, alipatikana na EPO mwaka uliofuata. Baadaye adhabu yake ikafika miaka minane kwa sababu alileta karatasi za hospitali za uongo. Asbel Kiprop, bingwa wa dunia wa mita 1,500 mara tatu, EPO. Ruth Chepngetich, aliyekimbia Chicago kwa saa 2:09:56 mwaka 2024, alifungiwa miaka mitatu mwaka 2025 kwa dawa inayoongeza mkojo, na maelezo aliyotoa ni kwamba alimeza dawa za mfanyakazi wake wa nyumbani. Tangu bustani ya Edeni mwanadamu hakosi mtu wa kumtupia lawama.

Sisemi haya kuwaaibisha. Hawa ni dada zetu na ndugu zetu, na wengine wetu tuliwashangilia hadi sauti zikakauka. Nasema kwa sababu wizi huu una mwenye mali. Jeptoo alipovuliwa ushindi wa Boston wa 2014, mshindi wa kweli alikuwa Buzunesh Deba wa Ethiopia. Alitambuliwa baadaye sana, na pesa zake za ushindi zikakaa miaka bila kulipwa. Deba si Mzungu mwenye wivu. Ni dada Mwafrika aliyeibiwa siku yake, na ile siku ya kuvuka utepe wa kwanza hakuna mahakama inayoweza kumrudishia.

Na sisi sote tunalipa. Mwaka 2022 Kenya nzima ilikuwa karibu kufungiwa riadha. Serikali ikaahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na dawa hizi. Hizo ni kodi zako wewe mwenye kibanda cha mboga.

*4. "LAKINI PASTOR, ANALETA FUNGU LA KUMI."*

Sasa tumefika nyumbani. Baiskeli za Ufaransa nimezitaja ili nifike hapa.

Sisi watu wa Mulot tunajua jina letu huko nje. Mtu akisema anatoka Mulot, mwenzake anashika simu yake. Magazeti yameandika, wapelelezi wamekuja mara nyingi kukamata vijana kwa wizi wa laini na pesa za simu. Wengi wetu ni wakulima na wafanyabiashara waaminifu, na jina hilo linatuumiza. Lakini linatoka wapi? Linatoka mahali pamoja na ile sindano. Ni roho moja: kutaka taji bila mbio, kutaka mavuno bila jembe. Anayeweka damu bandia mwilini na anayepigia mama mzee wa Kitui simu ili amwibie akiba yake wamesoma shule moja. Wote wawili hujitetea kwa maneno yale yale: "Wote wanafanya. Anayeshikwa ni mjinga."

Na sisi kanisa? Gari jipya likiingia uwanjani, tunasogeza viti. Tunaweka mikono juu ya miguu ya mkimbiaji tukidai upako wa mbio, wala hatuulizi mkono wake umechomwa nini. Wako wahubiri wanaouita wizi "mlango uliofunguka". Shetani ni mwongo! Mungu hafungui mlango kwa ufunguo wa kuiba.

Mkulima wa chai ananielewa. Unachuma majani mawili na chipukizi. Ukilowesha gunia maji ili lizidi uzito, karani wa kituo anakurudisha nalo mbele ya majirani. Karani anakataa maji kwenye mzani wa chai, na madhabahu ya Mungu ipokee chochote? Mithali 11:1 inasema wazi jinsi Bwana anavyochukia mizani ya hila. Kumbukumbu la Torati 23:18 inakataza mapato ya aibu yasiingizwe nyumbani mwake, hata yakiitwa nadhiri.

Kuna kisa kimoja zaidi. Floyd Landis alilelewa Marekani katika nyumba ya wacha Mungu, Wamenoni. Alishinda Tour ya 2006, akapatikana na testosteroni. Akakana, na watu wema wakamchangia pesa za kujitetea, kama harambee zetu. Mwaka 2010 akakiri kwamba alitumia dawa. Baadaye ilibidi akubaliane na waendesha mashtaka kuwarudishia waliomchangia. Nyumba ya maombi haikumzuia kuanguka. Wazazi, msilale usingizi kwa sababu mtoto anaimba kwaya.

Kwa hiyo msimamo wa madhabahu tunayoihudumia ni huu:

✅ Mkimbiaji akija kuombewa, tutamwombea. Lakini kwanza tutamuuliza nani anamfundisha na nani anampa dawa. Asiyetaka kuulizwa, mafuta yabaki kwenye chupa.

✅ Sadaka tunayojua imetoka kwenye wizi wa simu au kwenye ushindi wa dawa haitapokelewa, hata kama paa la kanisa halijaisha. Heri kunyeshewa na dhamiri safi.

✅ Aliyefanya na amechoka kujificha, mlango uko wazi usiku na mchana. Hatutakuanika mbele ya watu. Lakini toba ina mguu: Zakayo alirudisha mara nne, na hakungoja mwendesha mashtaka amlazimishe. Tutakwenda nawe kwa uliyemkosea, na kama ni mamlaka, tutakwenda nawe huko pia.

Kijana unayesoma haya ukiwa na kichupa kwenye begi, au laini kumi zisizo zako chini ya godoro: vitupe leo. Kumaliza wa arobaini ukiwa safi kunakuruhusu kulala usiku. Paulo anamwambia Timotheo kwamba mshindani asiyefuata sheria za mchezo hapati taji. Kuna Mwamuzi ambaye hahitaji mkojo wako wala damu yako kujua ukweli.

*TUOMBE:* Baba, safisha mikono ya watoto wa nchi hii ya vilima. Linda wanaokimbia kwa haki, walipe ambacho wanadamu waliwanyima. Wavunje nguvu wanaouza sumu kwa vijana wetu. Lirudishie jina la Mulot heshima, ukianza na nyumba yako. Katika jina la Yesu, Amina.

Mtumie ujumbe huu mkimbiaji mmoja na mzazi mmoja. Tuonane Jumapili, ibada ya kwanza.