MZAZI, UMERUKA MIAKA MINGI MNO!

Mzazi, unamsomesha kijana wako wa sekondari nyumbani ili umlindie imani. Vyema. Lakini historia ya kanisa unaifunga Matendo 28, kisha unaruka hadi Krapf kufika Mombasa 1844! Kesho ataambiwa, "Ukristo ni dini ya mzungu." Atajibu nini?

Mfundishe Perpetua, mama aliyekuwa akinyonyesha, aliyeuawa Carthage, Tunisia ya leo, mwaka 203 kwa kukataa kumkana Kristo. Mfundishe Athanasius wa Misri. Mfundishe Mfalme Ezana wa Aksum, Ethiopia, aliyempokea Kristo karne ya 4. Wote ni wa Afrika hii!

Usiniambie, "Roho Mtakatifu atamkumbusha." Amkumbushe nini, na wewe hukumfundisha?

Amina?