Jengo Likihamishwa, Mhandisi Aitwe Tena

Mwaka 2015 Wizara ya Afya ya Kenya iliagiza zahanati 100 za kuhamishika, kila moja kwa shilingi milioni 10. Zilikuwa makontena yaliyogeuzwa vyumba vya matibabu kwa ajili ya wakazi wa mitaa ya mabanda. Yalishushwa Mombasa, yakapelekwa katika yadi ya Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) huko Miritini, na mengi yakakaa hapo miaka bila kumwona mgonjwa. Umma ulikisoma kisa hicho kama kashfa ya zabuni, na haki ulikuwa nayo. Sisi tunakirejea kwa sababu nyingine. Kinachoitwa jengo la kuhamishika, linaposhuka melini, huwa ni nusu ya jengo. Ardhi, msingi, maji, umeme, njia ya maji taka na mtu wa kuyatilia sahihi hayo yote haviji kwa meli.

Imeenea dhana kwamba nyumba iliyotoka kiwandani imekwisha kufikiriwa, na kwamba kazi iliyobaki ni ya kreni na dereva wa lori. Ni dhana ya hatari. Jengo la kudumu hukaa juu ya udongo mmoja na kupigwa na upepo wa mahali pamoja, na mhandisi wake ameona vyote viwili. La kuhamishika litawekwa leo kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, kesho kwenye mchanga wa pwani, palipo na chumvi inayokula chuma. Katikati ya safari hizo litatikiswa barabarani na kuning'inia hewani. Na mara nyingi siku ngumu kuliko zote katika maisha yake ni ile siku ya kunyanyuliwa. Anayelisanifu anadaiwa zaidi kuliko anayesanifu nyumba ya mawe.

Wapo waliolielewa deni hilo zamani. Mwezi Februari 1855, wakati wa Vita vya Crimea, wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakiuawa zaidi na maradhi kuliko na risasi. Serikali yao ikamwomba mhandisi Isambard Kingdom Brunel asanifu hospitali ya mbao ya kusafirishwa kwa meli. Mahali pa kuiweka palikuwa hapajachaguliwa. Kwa hiyo aliifanya kila wodi ijitegemee, ikae kwenye mteremko sawa na kwenye tambarare, na hakuna kipande kilichohitaji zaidi ya watu wawili kukibeba. Alisimamisha kwanza wodi ya majaribio huko Paddington, London. Kisha pamoja na kuta alipeleka mabomba ya maji, mifereji ya maji taka, vyoo, na feni za kuzungushwa kwa mkono ili mgonjwa apate hewa. Hospitali hiyo ilisimikwa Renkioi, kando ya mlangobahari wa Dardanelles, ikaanza kupokea wagonjwa Oktoba mwaka huo huo. Kati ya wagonjwa wapatao 1,300 waliolazwa humo, waliofariki walikuwa kama 50. Brunel hakuwa na kompyuta wala simu. Alikuwa na mazoea ya kuuliza maji ya mgonjwa yatatoka wapi na uchafu wake utakwenda wapi, kabla hajachora ukuta.

Tulinganishe na yanayofanyika huku kwetu. Kontena kuukuu linanunuliwa bandarini ligeuzwe darasa, duka, kituo cha polisi au ofisi ya chifu. Kila mtu anaamini ni imara, maana limevuka bahari na tani nyingi za mizigo. Imara lilikuwa. Lakini nguvu zake zimo katika nguzo nne za pembeni, na kuta zake za bati lenye mikunjo, lisilozidi kwa kawaida milimita mbili, ndizo zinazolizuia lisiyumbe. Fundi wa kuchomelea anakata mlango na madirisha matatu, halafu anaondoa ubavu mzima ili kuunganisha makontena mawili yawe ukumbi. Pasipowekwa fremu ya chuma kuziba pengo hilo, ameondoa kilichokuwa kinalishikilia. Melini lilibebwa kwa pembe zake. Sasa limeegeshwa juu ya mawe popote mawe yalipotosha. Halafu juu ya paa linapandishwa tangi la maji la lita 1,000, yaani tani nzima, juu ya bati ambalo halikuundwa kubeba mzigo wa namna hiyo.

Vyumba vya paneli nyepesi vina shida yake. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Nyumba ya zege husaidiwa na uzito wake; chumba chepesi husaidiwa na bolti zinazokifunga kwenye msingi tu. Katika eneo la kwanza kazi hiyo hufanywa na watu wa kiwandani. Katika eneo la tatu hufanywa na yeyote aliyekuja na lori, matundu yameshapanuka, bolti nyingine zimepotea, na michoro haijulikani iliko. Povu la plastiki lililo ndani ya nyingi ya paneli hizo nalo hushika moto na kutoa moshi wa sumu, jambo ambalo mwalimu anayefungia watoto humo kwa komeo moja hajaambiwa na mtu.

Viungo ndivyo vinavyoua. Ronan Point, jengo la ghorofa 22 mashariki mwa London, liliunganishwa kwa paneli za zege zilizotengenezwa kiwandani. Alfajiri ya Mei 16, 1968, miezi miwili tu tangu lifunguliwe, gesi ililipuka katika fleti ya ghorofa ya 18. Mlipuko haukuwa mkubwa, lakini ulisukuma nje ukuta uliobeba paneli za juu yake, na pembe nzima ya jengo ikaporomoka kuanzia juu mpaka chini. Watu wanne walikufa. Usanifu wake haukuuachia mzigo njia nyingine ya kupita. Lilipobomolewa mwaka 1986, paneli baada ya paneli, vilionekana viungo visivyojazwa sawasawa, vingine vimeshindiliwa magazeti. Uingereza ilibadilisha kanuni zake za ujenzi baada ya vifo hivyo. Hatuoni sababu ya sisi kungoja vyetu.

Tena vyetu tumeshavipata. Septemba 2019 darasa la mbao na mabati lenye ghorofa juu yake liliporomoka Ng'ando, Dagoretti, jijini Nairobi, na watoto wanane wakafa. Halikutoka kiwandani, lakini lilisimama kwa kisingizio kile kile kinachotetea makontena leo: ni la muda tu. La muda hadi lini? Tunajua madarasa ya muda yaliyosomesha wazazi na sasa yanasomesha watoto wao. Mvuto wa ardhi hauna habari na neno hilo.

Kenya sasa ina Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za 2024, zilizoanza kutumika Machi 2025 kuchukua nafasi ya zile za 1968. Sheria mpya bila mkaguzi anayefika penye jengo ni karatasi. Tunataka kila hamisho lihesabiwe kuwa ujenzi mpya: udongo upimwe, msingi uchorwe, viungo vikaguliwe, na jina la mhandisi aliyesajiliwa libandikwe mlangoni pamoja na tarehe. Zabuni yoyote ya umma inayonunua jengo pasipo kutaja kiwanja, msingi, maji na maji taka ikataliwe mezani, hata bei yake ikiwa ya kuvutia namna gani. Bodi ya wahandisi nayo iwaadhibu wanachama wanaokodisha mihuri yao kwa wauzaji wa makontena.

Mhandisi asiyekwenda kuiona ardhi asitie sahihi. Na afisa wa kaunti anayeletewa jengo lisilo na sahihi ya mahali litakaposimama, alirudishe na lori lililolileta.