MITI YETU NA DAWA ZAKE: Ukali wa Osokonoi

Bwana mmoja wa Ewuaso Kedong ametuletea barua ya masikitiko. Asema ya kwamba mti wa osokonoi aliokuwa akionyeshwa na marehemu baba yake huko juu, upande wa Ngong, umekauka kabisa, kwa kuwa watu wameuchuna gome pande zote. Auliza: kiwashacho ndani ya gome lile ni kitu gani, na je, hapana njia ya kupata dawa pasipo kuua mti?

Mti huu Wakikuyu huuita muthiga, na wataalamu huuita Warburgia ugandensis. Wazee hutafuna gome lake kwa kikohozi na mafua, nalo huchoma ulimi kama pilipili.

Jibu la swali la kwanza lilikwisha kupatikana. Mwaka 1976, Isao Kubo na Koji Nakanishi, waliofanya kazi pamoja na chuo cha utafiti wa wadudu, ICIPE, walitangaza kitu walichokitoa katika mti huu, wakakiita warbuganali. Majani yakipakwa kitu hicho, viwavijeshi, wale wale wamalizao mahindi yetu, hukataa kuyala, kwa maana huwaharibia viungo vya kuonjea. Basi mti haukutengeneza dawa kwa ajili ya kifua cha mtu, ulijitengenezea ngao.

Namna uitengenezavyo ni ya ajabu. Mti huunga vipande vitatu, kila kimoja chenye chembe 5 za kaboni, ukapata mnyororo wa chembe 15. Mnyororo huo hukunjwa ukawa pete mbili, kisha huongezwa oksijeni. Ikiwa na chembe 2 za oksijeni huwa poligodiali. Ya 3 ikitiwa mahali pake, ndiyo warbuganali. Hiyo poligodiali imo pia katika mboga moja kali ambayo Wajapani huila pamoja na samaki wabichi, nao hawajui habari za Ngong!

Kuhusu swali la pili, mwaka 2001 wataalamu wa Afrika Kusini walieleza kwamba majani ya Warburgia salutaris, ndugu wa osokonoi, yana vitu vikali vya jamii hiyo hiyo, hata yaweza kutumiwa badala ya gome. Majani yakichumwa kwa kiasi huota tena; lakini gome likizungushwa kisu, chakula kitokacho majanini hakifiki mizizini, na mti hufa. Lakini kiasi cha dawa hubadilika mti kwa mti, wala kikombe hakina mizani. Mwenye kikohozi cha majuma mawili na aende hospitali apimwe kifua kikuu, asingoje majani wala gome.

Na bwana wetu akitaka kupanda mwingine, achague mahali penye unyevu kuliko nyika ya Kedong, tena azipande mbegu zingali mbichi, kwani zikikauka sana hazioti.