Kilomita Hazisemi Yote Juu ya Oili

Yako mazoea yaliyokwisha kuota mizizi miongoni mwa madereva wetu wavaao sare: kutazama namba za kilomita na, zikiwa hazijatimia, kuifunga boneti bila wasiwasi. Kwa gari la dizeli la zamani, lile lisilo na turbo wala kompyuta ya kumwonya dereva, nayaona mazoea hayo kuwa ya hatari, hasa katika nchi ya milima kama Burundi.

Tuchukue Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ambayo askari wengi wa Afrika Mashariki wanaifahamu kama viatu vyao. Injini hiyo ya silinda 6 na lita 4.2 hujazwa oili zaidi ya lita 9, na kanuni iliyozoeleka ni kuibadili kila kilomita 5,000. Lakini kilomita za wapi? Gari litokalo Bujumbura kwenda Gitega hupanda kwanza zaidi ya mita 1,000 hadi Bugarama. Huko juu hewa ni nyepesi. Injini isiyo na turbo hupata hewa haba, mazutu hayaungui yote, na masizi yake huingia katika oili. Kisha gari hilo laagizwa Nyamugari, kwa njia za udongo na vumbi la kiangazi. Kilomita zake 3,000 si sawa na 3,000 za lami tambarare.

Liko na jambo lituhusulo sisi kuliko raia. Gari la doria husimama kizuizini usiku kucha injini ikiunguruma kwa ajili ya taa na redio. Namba haisogei, masizi yaongezeka. Tena katika uhaba wa mafuta wa miaka ya 2022, 2023 na 2024, magari mengine yalikaa uani majuma mengi, ikadhaniwa kuwa oili yao ingali nzima kwa sababu hayakutembea. Sivyo. Salfa iliyomo katika mazutu ikiungua huzaa asidi. Oili imetiwa dawa ya kuizima, lakini dawa hiyo huisha, na oili chafu iliyotulia pamoja na unyevu hula vyuma kimya kimya.

Kwa hiyo rai yangu ni hii: daftari la gari liandikwe saa za injini kuwaka, hata ikiwa gari limesimama, na miezi sita isipite bila oili kubadilishwa. Najua mkuu wa kikosi ana mahitaji mengine mengi. Lakini injini ikikwama usiku katika mlima wa Muyinga, na nyuma amelazwa majeruhi, lita zile 9 zilizobaniwa hazitamfikisha hospitali.

Wako wanaojitetea kwamba huongeza oili kila juma. Kuongeza si kubadili. Masizi yabaki pale pale. Na chujio nalo lisiachwe. Likiziba, vali yake hufunguka ili injini isikose oili, na oili ipitayo hapo haijachujwa hata kidogo, wala dereva hapati dalili yoyote.

Weusi wa oili usimtishe mtu, maana katika dizeli oili mpya huwa nyeusi baada ya safari chache tu. La kutisha ni kijiti cha kupimia kikionyesha oili imepanda bila kuongezwa: kinuse, na kikinuka mazutu, nozeli zikaguliwe. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia. Gari lisiwashwe tena mpaka fundi alione.

Oili imwagwe injini ingali na joto, ili uchafu utoke nayo. Ile ya zamani itiwe katika kopo lenye kifuniko na kurudishwa karakana, isimwagwe bondeni, kwa kuwa maji ya mabonde hayo huteremka hadi Ruvubu, na wako watu wanaoyachota njiani.