Noeli ya Watoto Wadogo Katika Kadutu



Siku za Majilio zikifika mwisho, kila nyumba ya Kadutu husikia maswali yale yale. Watoto huuliza: «Baba, Noeli tutakwenda wapi? Mama, tutavaa nini?» Nao wazazi, watoto wakiisha kulala, huulizana kwa sauti ndogo: «Fedha tutazitoa wapi?» Juma hili napenda tulitazame jambo hili pamoja, maana ni jambo la jamaa nzima. Upumbavu wa siku mbili za sikukuu huweza kuisumbua nyumba hata Pasaka.

Neno langu ni moja. Mtoto mdogo hafurahi kwa fedha za mzazi wake kama anavyofurahi kwa mzazi mwenyewe. Ukimvika nguo mpya ukamwacha peke yake, sikukuu hujampa. Ukimshika mkono ukatembea naye, hata kama shati lake ni la mwaka jana, umempa.

Sisemi haya kwa kubahatisha. Kila mwezi wa Januari, shule zikifunguliwa, huwapa wanafunzi wangu insha ya kuandika: «Siku moja ya likizo ya Noeli.» Nimesoma madaftari mengi. Nguo hutajwa kwa mstari mmoja, na mara nyingi hazitajwi kabisa. Yanayojaza ukurasa ni mengine: baba aliyembeba mdogo wao mabegani katika ngazi zenye utelezi; bibi aliyewasimulia hadithi huku mvua ikipiga mabati; mama aliyewaacha wapepete mchele wenyewe, hata ukamwagika. Na katika madaftari machache hukuta maneno ambayo mwalimu huyasoma mara mbili: «Tulimngoja baba. Tukala. Tukalala.»

Basi, tuanze na mfuko, kwa sababu ndipo ugomvi unapoanzia. Kabla hamjashuka sokoni, baba na mama waketi pamoja na karatasi moja. Waandike kwanza haja za mwezi wa Januari: kodi ya nyumba, unga, makaa, dawa. Tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali, pamoja na zile za serikali zilizo mikononi mwa madhehebu, hazipasi kudai ada. Lakini madaftari na viatu vyataka fedha, na walio katika shule ya sekondari wana ada yao. Hayo yakiisha kuandikwa, kinachobaki ndicho cha sikukuu, kikiwa kingi au kidogo. Yule anayekopa ili mtoto wake avae koti kama la mtoto wa jirani, na afikiri vizuri: koti la mtoto humpungukia kila mwezi, na deni huongezeka kila mwezi. Sikatazi nguo mpya. Kitu kimoja kipya, hata soksi au utepe wa nywele, chatosha kumfanya mtoto wa miaka minne atembee kama mfalme.

Watoto wa mji huu wana haja ya furaha kuliko watoto wengi. Bukavu iliingiwa na vita mwaka 1996, ikavamiwa tena mwaka 2004, na mwezi wa Februari 2025 wapiganaji wa M23 wakaingia. Mabenki yalifungwa, na jamaa nyingi zikabaki bila mshahara. Mtoto wa miaka mitano hajui siasa. Lakini aijua sauti ya risasi, tena ajua uso wa mama yake unapobadilika. Kwa hiyo nawaomba vijana wasilipue fataki karibu na nyumba za watu. Kinachomchekesha kijana chaweza kumrudisha mtoto mdogo chini ya kitanda.

Lakini tusiwafiche watoto kwamba Noeli na mateso zilikwisha kukutana katika mji huu kabla yao. Walio na miaka saba au minane waweza kusimuliwa habari za Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko. Mkesha wa Noeli mwaka 1999, mji ulipokuwa chini ya waasi, aliwaandikia waamini wake barua ya kuwafariji, naye hakuficha maovu yaliyokuwa yakitendwa. Kwa ajili ya barua ile alizuiwa kurudi Bukavu, akakaa Butembo tangu Februari hata Septemba 2000. Alirudi kwa shangwe kubwa, akafariki Roma tarehe 4 Oktoba mwaka ule ule. Mtoto akisikia hayo atajua kwamba furaha ya Noeli ina nguvu, na kwamba wako watu walioitetea.

Sasa twende matembezini. Sheria ya kwanza ni hii: safari ya jamaa hupimwa kwa miguu ya aliye mdogo kuliko wote. Kadutu ni mji wa vilima na ngazi, na Desemba ni mwezi wa mvua. Matembezi mafupi yanayomalizika kwa nyimbo ni bora kuliko marefu yanayomalizika kwa machozi na kofi. Chukueni maji, kitambaa cha kumfunika mdogo, na chakula kidogo. Tena mrudi nyumbani kabla ya giza, maana usiku hauna usalama.

Matembezi ya kwanza ni kwenda kulitazama pango. Mtakatifu Fransisko wa Asizi ndiye aliyewaonyesha Wakristo wa Greccio, katika Italia, hori ya Noeli mwaka 1223, ili watu wa kawaida waone kwa macho umaskini wa Mtoto Yesu. Kabla hamjaenda kanisani, watoto na watengeneze pango lao nyumbani. Udongo wa kufinyanga twao, na majani makavu ya mgomba yatosha kuezeka. Ng'ombe akiwa na miguu mitatu, mwacheni. Amefanywa na mtoto. Neno moja la hadhari: msiwashe mshumaa ndani ya majani yale, wala msimwachie mtoto kibiriti. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, tena zimebanana, na moto umekwisha kuteketeza nyumba nyingi za Kadutu. Kisha nendeni kanisani mkalitazame pango la parokia polepole, mtoto akiulizwa: «Nani huyu? Kwa nini wachungaji walikuja kwanza?» Wale walio chini ya miaka mitano wapelekwe Misa ya asubuhi tarehe 25. Misa ya usiku kwao ni usingizi tu, na kwa mama ni taabu.

Matembezi ya pili ni kwenda kulitazama ziwa. Wako watoto wa Kadutu wanaoona maji ya Kivu kila siku kwa mbali, wala hawajapata kusimama ukingoni. Shukeni nao mchana, mahali panaporuhusiwa. Hapo baba awe mwalimu. Awaambie kwamba ziwa hili liko mita 1,460 juu ya bahari, na kwamba kilindi chake hufika karibu mita 480. Awaonyeshe upande ambako mto Ruzizi hutoka na kuteremka mpaka Tanganyika. Awaulize kama wajua kwamba sambaza wanaokula hawakuwamo zamani. Waliletwa kutoka Tanganyika kati ya miaka 1958 na 1960, wakazaana, na leo hulisha miji na vijiji vya pande zote mbili. Na kama mna bahati, mtaiona mitumbwi mitatu mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, wavuvi wakijitayarisha kwenda na taa zao, kwa sababu sambaza huifuata nuru usiku.

Lakini mkono wa mtoto usiachwe. Mahali pengi kilindi cha Kivu huanza karibu kabisa na ukingo. Wala msipande chombo kilichojaa kupita kiasi, hata kama nauli ni ndogo, hata kama wengine wanawacheka. Tarehe 3 Oktoba 2024 chombo MV Merdi, kilichotoka Minova, kilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma. Watu walikuwa wengi mno ndani yake, na makumi ya watu walikufa wakiwa wanaiona nchi kavu. Walio na watoto na wakumbuke siku hiyo.

Matembezi ya tatu ni kwa wazee. Wenye babu na bibi huko Kabare au Walungu, na waulize kwanza habari za njia kwa watu waliotoka huko. Kama hakuna amani, wasiende. Wazee wa mtaani nao ni wazee. Mpelekeeni mmoja sahani ya chakula, mkamwombe awaambie watoto Noeli ilikuwaje zamani, mji ulipokuwa bado ukiitwa Costermansville. Jina hilo liliachwa katika miaka ya 1950, nao wanaolikumbuka wanapungua kila mwaka. Mtoto anayemsikiliza mzee hujifunza adabu bila kuhubiriwa.

Matembezi ya nne ni kwenda kutoa. Mtoto ambaye hupokea tu siku za sikukuu atakuwa mtu mzima anayedai. Utoto Mtakatifu, ulioanzishwa katika Ufaransa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson, umewafundisha watoto wa dunia nzima jambo hili: mtoto amsaidie mtoto. Bukavu nayo ina fahari yake, maana chama cha Xaveri kilizaliwa hapa mwaka 1952 kwa kazi ya Padri Georges Defour. Basi kila mtoto achague kitu chake mwenyewe: nguo isiyomtosha lakini haijachanika, mpira, kalamu. Mpelekeeni jamaa iliyokimbia vita, au mgonjwa asiye na ndugu wa kumpikia. Wakubwa wa Shirika la mtaani kwenu watawaonyesha mlango. Mtoto na atoe kwa mkono wake, asalimie kwa jina, na asiambiwe maneno ya kumdharau anayepokea. Jamaa ile leo yapokea. Mwaka mwingine huenda ikawa yetu.

Karamu nayo ina mafundisho yake. Pilipili, wali, sombe, ndizi, sambaza wa kukaanga, na kuku akipatikana: haya yanatosha kabisa. Wako wanaume ambao kwa desturi hula kwanza nyama nzuri, watoto wakingojea mifupa. Siku ya Noeli, ambayo ni siku ya Mtoto, wadogo na waanze. Na baba awepo. Hili nalisema wazi kwa wanaume wenzangu. Fedha ya chupa nne baani ni fedha ya kuku, lakini hasara kubwa si kuku. Mtoto huangalia kile kiti. Kikikaa kitupu, hakuna wali unaokijaza. Mwanaume asiye na kazi huona haya kukaa na watoto wake mikono mitupu, akakimbilia kwa wenzake. Ndugu yangu, wanao hawahesabu kilicho mikononi mwako. Kaa.

Msiyafanye yote kwa siku moja. Likizo ina siku nyingi, na kila siku yatosha kwa jambo moja. Tarehe 24, pango la nyumbani. Tarehe 25, Misa na karamu. Dominika ya Jamaa Takatifu, wazee. Tarehe 28, Watoto Watakatifu wa Betlehemu, waliouawa na mfalme mwenye wivu. Siku hiyo wazazi wawabariki watoto wao kwa kuwawekea mkono kichwani, jambo lisilo na gharama yoyote. Tarehe 1 Januari ni Bonane, sikukuu ya Maria Mama wa Mungu, na tangu mwaka 1968 Kanisa huombea amani ya dunia siku ile. Wapelekeni watoto, mkiweza, kwenye kanisa kuu la Bibi Yetu wa Amani. Hapo amezikwa Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, aliyeuawa katika mji huu tarehe 29 Oktoba 1996. Tarehe 4 Januari nchi huwakumbuka waliouawa Léopoldville mwaka 1959 wakiutaka uhuru. Siku nzuri ya kwenda ziwani na kuzungumza habari za nchi yetu. Epifania, siku ya Mamajusi, watoto watoe zawadi zao.

Nanyi wanafunzi wakubwa mnaosoma ukurasa huu, msifikiri mmesahauliwa. Mama hana mikono ya kuwashika watoto watano. Chukua mkono mmoja. Wimbo unaoujua mfundishe mdogo wako, umfunge kamba za viatu, umngoje katika ngazi. Miaka michache ijayo utakuwa mzazi, na kazi hiyo utakuwa umekwisha kuijua.

Shule zitakapofunguliwa nitaandika tena ubaoni insha ile ile. Watoto wenu wataandika yale mtakayokuwa mmewapa.

Nawatakia jamaa zote za Kadutu Noeli njema na Bonane yenye amani.